Kichwa na Mguu wa Tao la Sakania

Ninyi mnaobaki karakanani mmenicheka miaka mingi, na mlikuwa na haki ya kucheka. Hakuna ubavu wa tao uliotoka uani mwetu bila mimi kuupindua, kuulaza juu ya mwenzake, kisha kupitisha vidole kati ya mbao hizo mbili toka ncha hadi ncha. Mmoja wenu, simtaji, alisema ninapapasa mbao kama daktari anayetafuta tumbo linauma wapi. Sasa nimestaafu, na mkuu wa karakana amenipa daftari niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vimo kwenye mafaili ya ofisi, na wale wanaopenda kuvisoma wamekwisha kuvisoma. Nitaandika kwa nini ninapapasa.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Sikuupata kazini, nilikuja nao. Nilipopanda treni kutoka kwetu kaskazini, nikiwa na barua ya padre mfukoni, niliigusa barua ile mara nyingi sana hata wino wa jina langu ukafutika kwa jasho. Nilifika hapa Élisabethville nikiwa na barua isiyojulikana ni ya nani. Mzungu aliyeipokea aliitazama mbele na nyuma, akaniuliza najua kushika msumeno, nikasema ndiyo, na mambo yakaishia hapo.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa kwenye sakafu ya kuchorea. Ninyi mna meza kubwa na karatasi. Sisi tulikuwa na sakafu ya saruji, pana kama uwanja wa shule, ndani ya banda la mabati. Kila tao la kujengwa lilichorwa pale kwa chaki kwa ukubwa wake halisi, na mbao zilikatwa kwa kufuata mstari. Sheria ilikuwa moja: hakuna kukanyaga mstari. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha, nami nikaingia na miguu yenye maji, nikafuta kipande cha mstari kipatacho shibiri moja. Mafundi wote wakaweka misumeno chini. Nilijua nitarudishwa kwetu kabla ya saa sita.

Fundi mkuu wa maseremala alikuwa Baba Mutombo, mtu wa Kasai, mfupi, mwenye mabega mapana, aliyekuja huku kwa kazi ya reli kabla sijajua kuandika. Hakunigombeza. Alinisimamisha kando ya ule mstari uliofutika mpaka saruji ikakauka, saa nzima hivi, kisha akanipa chaki. "Weye njo ulifuta," akasema, "basi weye njo utarudisha." Nikarudisha. Alitazama, akafuta, akachora upya mwenyewe. Tangu siku hiyo nilikuwa mwanafunzi wake, ingawa hakuna aliyetamka hivyo.

Baba Mutombo hakujua kusoma. Alijua mbao kwa harufu, na aliweza kukwambia msumeno umekuwa butu kwa kuusikia tu akiwa upande wa pili wa banda. Na alikuwa na mnyororo wake. Ulikuwa mnyororo wa pete ndogondogo, mrefu, aliouweka kwenye mfuko wa turubai na hakumwazima mtu. Akitaka kuchora tao alipiga misumari miwili ukutani kwa usawa, upana wa tao lenyewe, akaning'iniza mnyororo katikati yake na kuulegeza mpaka tumbo lake lishuke kwa kina cha tao. Kisha alifuata pete kwa mkaa, na lile umbo likigeuzwa juu chini linakuwa tao. "Munyololo haiongopake," alikuwa akisema, yaani hausemi uongo. "Inajua kwenyewe fasi ya kupita."

Mimi nilifundishwa njia nyingine, na nilifundishwa kwa bahati. Msimamizi wetu wa Kizungu tulimwita Bwana Mita, kwa sababu ile mita yake ya kukunja haikutoka mkononi hata alipokula. Siku moja mchana aliniona nikikodolea macho karatasi ya mlango wa kanisa dogo. Sandwichi ilikuwa mdomoni, hasira ilikuwa karibu, nadhani alitaka tu niondoke mbele yake. "Weye kuja," akasema. "Kuangalia. Zero iko hapa juu, ku kichwa. Weye kushuka, weye kwenda pembeni. Pembeni mara pembeni, mara namba moja. Namba ile, weye kuitafuta ku muguu."

Ni hivyo tu. Nawaandikia kwa maneno marefu zaidi, kwa maana yeye alikuwa na sandwichi. Parabola, yaani mstari wa tao lile la karatasi, inataka vitu viwili ili ujue yote: kilele chake, na pointi moja tu nyingine ambapo inapita. Weka sifuri kwenye kilele. Ukienda pembeni hatua fulani, mstari unashuka kwa hatua hiyo mara yenyewe, mara namba moja isiyobadilika katika tao lile. Namba hiyo huijui, lakini mguu wa tao unaijua. Ule mlango ulikuwa na mita mbili toka katikati hadi mguu, na ulishuka nusu mita. Mbili mara mbili ni nne. Nusu gawanya kwa nne, namba ni moja ya nane. Basi ukienda pembeni mita moja tu, unashuka moja ya nane ya mita, sentimita kumi na mbili na nusu. Unapiga nukta, unakwenda mbele kidogo, unapiga nyingine, unaziunganisha kwa ubao mwembamba unaopindika. Somo lilichukua muda wa kula mkate mmoja. Sikupata lingine.

Nilifurahi, na papo hapo nikaanza kuogopa. Nani aliniambia kwamba niliyasikia vizuri? Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo lilionekana la busara. Nilichukua mlango ule wa kanisa ambao Baba Mutombo alikuwa ameuchora kwa mnyororo, nikaupigia nukta zangu za hesabu juu yake. Tofauti ilikuwa unene wa penseli, na penseli ya seremala si nyembamba. Nikajaribu dirisha, nikajaribu karavati ya kupitisha maji chini ya barabara. Unene wa penseli. Baba Mutombo aliinama akatazama, akacheka kwa pua. "Unaona? Ni kintu kimoja. Weye unahesabu kile munyololo inajua."

Tukaamini hivyo sote wawili, miaka kadhaa. Hilo ndilo kosa nililotaka kuliandika hapa. Mwenye mnyororo peke yake asingelifanya, na mwenye hesabu peke yake asingelifanya. Lilihitaji watu wawili wanaoheshimiana.

Kisha ikaja miaka ya krizi. Ninyi mlikuwa mmezaliwa au hamjazaliwa, lakini mmesikia. Kazi zilikauka. Kila juma kulikuwa na majina yanayosomwa getini, na aliyesomwa jina lake alipewa tiketi ya treni ya kurudi kwao na siku chache za kutoka katika nyumba ya kambi ya wafanyakazi. Haikuhitaji kosa kubwa. Fundi mmoja alirudishwa kwa kuvunja kioo. Baba Mutombo alikuwa na watoto watano, wote waliozaliwa kambini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona Kasai. Mimi nilikuwa nimeoa mwaka ule, na mke wangu Veronika alikuwa na mimba ya kwanza. Usingizi wangu, ambao haukuwa mzuri hata siku njema, ukaisha kabisa.

Karakana yetu ilikuwa imebakiwa na kazi moja kubwa: ghala la Sakania, kule mpakani, kando ya njia ya reli. Paa lake lilikuwa la kushikwa na matao mawili ya betoni, zege la saruji na kokoto, kila moja upana mita ishirini, kimo mita tano, nasi tulianza na la kwanza. Betoni haisimami hewani peke yake. Ilitakiwa kofraji, yaani umbo la mbao la kuishikilia mpaka ikauke, na umbo hilo lilikaa juu ya mbavu za mbao. Bwana Mita alitangulia Sakania kusimamisha nguzo za kubeba mbavu hizo, kila nguzo ikiwa imekatwa kwa kimo chake kamili. Mbavu zenyewe tulizikata sisi Élisabethville, zipelekwe kwa behewa Jumatatu asubuhi. Muda ulikuwa mfupi. Kwa hiyo tuligawana: Baba Mutombo na watu wake wakate mbavu mbili za nusu ya kushoto, mimi na wangu mbili za nusu ya kulia. Yeye aliutundika mnyororo kwenye ukuta mrefu wa nje. Mimi nilichora sakafuni. Kumi mara kumi ni mia. Tano gawanya kwa mia, namba ni sehemu tano katika mia. Pembeni mita tano, kushuka mita moja na robo. Kilikuwa kitu rahisi kuliko mlango wa kanisa.

Ukaguzi wetu wa zamani ulikuwa wa kichwa na mguu. Ubavu uliomalizika ulipimwa ncha ya juu kama inafika kwenye kilele, na ncha ya chini kama inakaa kwenye mguu. Vikipatana, ubavu unapita. Jumamosi mchana zote nne zilipita. Mimi mwenyewe niliandika alama ya chaki.

Uani palikuwa pamejaa mbao, hakuna nafasi ya kulaza mbavu nne bapa. Nikawaambia vijana waulaze ubavu mmoja wa kushoto juu ya mmoja wa kulia, wakiupindua, wakati wanasubiri kufungua bolti ili kila ubavu uingie behewani vipande vipande. Watu wakaenda kwenye maji ya kunawa. Nilibaki kuhesabu bolti, kama kawaida yangu ya kuhesabu kitu kilichokwisha kuhesabiwa. Ndipo nilipoona mwanga mahali ambapo haukupaswa kuwa. Vichwa vilikutana sawasawa. Miguu ilikutana sawasawa. Lakini kati yake ubavu wa Baba Mutombo ulituna juu ya wangu, na mahali palipozidi, karibu na robo tatu ya njia kwenda mguuni, niliingiza vidole vinne vya mkono na havikugusa.

Nilisimama pale mkono wangu ukiwa ndani ya ule mwanya. Nakumbuka nilijiambia mbao zimejikunja kwa jua. Nikaupindua mwingine, ni hivyohivyo, vidole vinne. Jua haliwezi kukunja mbao mbili kwa kipimo kimoja.

Niliwaambia watu wafunge kazi, bolti tutazifungua Jumatatu alfajiri. Kisha nikaenda sakafuni nikahesabu upya, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Namba zilikuwa zilezile, na hazikunituliza hata kidogo. Fikirini hali yangu. Karatasi ilisema parabola. Mimi nilijua parabola kwa somo moja, na ushahidi pekee niliokuwa nao kwamba somo lile nililishika vizuri ulikuwa ni mnyororo wa Baba Mutombo. Sasa mnyororo ulikuwa unanikana. Mmoja wetu alikuwa amekosea, na sikuwa na mtu wa tatu wa kumwuliza. Kupeleka telegramu kwa Bwana Mita kulipitia mkononi mwa karani wa ofisi, na kuuliza kungekuwa sawa na kushtaki. Nikinyamaza, behewa litafika Sakania, nusu moja itakataa kukaa juu ya nguzo, na jina la aliyekata nusu hiyo litasomwa getini.

Baadaye sana, katika kitabu, nilisoma kwamba mnyororo una mstari wake mwenyewe, jamaa wa karibu wa parabola lakini si parabola. Tao likiwa bapa, huwezi kuzitofautisha. Likiinuka, zinaachana tumboni, ingawa kichwani na mguuni bado zinashikana. Kitabu kilieleza kwa sentensi mbili. Ningalitoa chochote siku ile kwa sentensi mbili.

Veronika aliniona sili. Nikamweleza. Alifikiri, akasema, "Nenda kwake. Uende wewe mwenyewe, kesho, baada ya misa. Usiache asikie kwa mwingine." Nikamwambia ni mwalimu wangu, nitaanzaje. Akasema, "Anza na salamu."

Jumapili baada ya misa ya kwanza nilikwenda kambini kwa Baba Mutombo. Alikuwa mlangoni, shati jeupe la kanisani bado mwilini, na mkewe Mama Ngalula alikuwa ndani akipepeta unga. Nikamwamkia. Nikamwamkia mama. Nikauliza habari za watoto, mmoja mmoja, wote watano. Nilipomaliza watoto hakukuwa na mtu mwingine wa kumwulizia.

"Donati," akasema, "umeuliza hata mutoto wa mwisho kama iko na meno. Kuko nini?"

"Baba, mbavu yako na yangu hazipatane. Kichwa iko sawa, muguu iko sawa. Tumbo hapana."

"Tumbo ngapi?"

"Vidole vine."

Mama Ngalula aliacha kupepeta.

"Ya kwako njo iko mubaya," akasema.

"Pengine, Baba."

"Pengine ni nini? Unakuja mu nyumba yangu siku ya Mungu kuniletea pengine?"

Nilimweleza karatasi, nikamweleza nguzo za Bwana Mita, nikamweleza kwamba nimehesabu mara tano. Alisikiliza akitazama viatu vyake. Kisha akauliza juu ya hesabu yangu swali ambalo nililiogopa kuliko yote.

"Ile kalkili, Bwana Mita alikufundisha siku ngapi?"

"Siku moja, Baba. Saa ya kula."

"Saa ya kula," akarudia, na akageuka kumtazama mkewe. Hakucheka, na mimi ningetamani acheke.

Aliponigeukia tena akasema, "Ya kwako, unaweza kuongeza mbao juu, ifike sawa na yangu?"

"Haiwezekane. Kuongeza itavunjika na uzito ya betoni. Ila ya kwako kuikata, inawezekana. Mbao itabakia ya kutosha."

"Basi kama tunataka zipatane, ni ya kwangu tu inakatika."

"Ndiyo, Baba."

"Na kama kalkili yako inaongopa, zote ine ziko mubaya."

"Ndiyo, Baba."

Akaingia ndani. Nilisikia akizungumza na Mama Ngalula kwa Kiluba chao cha Kasai, kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu, na sikuelewa hata neno. Mama hakujibu sana. Alipotoka alikuwa amevua shati la kanisani na ameshika msumeno wake. "Twende," akasema. Nilitaka kushukuru, lakini uso wake haukuwa uso wa kushukuriwa.

Mlinzi wa getini alitufungulia bila kuuliza. Baba Mutombo alikuwa amemtengenezea kitanda. Tulizilaza mbavu zake mbili sakafuni juu ya mstari wangu, nikachora mahali pa kukata, naye akakata. Nilijitolea kushika msumeno, akakataa. Alinipa tezo nifuate nyuma yake kusawazisha. Ninyi mnajua mtu anavyokata kazi ya mwingine: haraka, bila kutazama nyuma. Yeye alikata kazi yake mwenyewe hivyohivyo. Vipande vilivyoanguka vilikuwa vyembamba kwenye ncha na vinene katikati. Kabla ya hapo, kama hesabu yangu ilikuwa mbaya, nusu yangu tu ndiyo ingeharibika, na nusu yake ingemwokoa. Sasa hakukuwa na nusu ya kumwokoa mtu. Mara mbili nilimwambia, "Baba, tuache kwanza, nihesabu tena." Mara zote mbili alisema, "Shika mbao."

Tulimaliza jua likiwa juu ya miti. Tukazilaza mbavu moja juu ya nyingine. Nikapapasa toka kichwa hadi mguu. Hapakuwa na mwanya hata wa karatasi.

"Sasa zinapatana," akasema Baba Mutombo. "Zinapatana na nini, Mungu njo anajua."

Jumatatu behewa liliondoka. Nililisindikiza hadi stesheni kwa kisingizio cha kuangalia kamba, na nikaangalia kamba kweli, zote, mpaka mtu wa reli akaniuliza kama nataka kusafiri nazo. Kisha siku zikaanza. Mbavu zingefika Jumanne, Jumatano zingeinuliwa. Ikiwa hazikukaa, telegramu ingefika Jumatano jioni au Alhamisi. Nilitafuta sababu za kupita mbele ya ofisi: kuomba misumari, kurudisha misumari, kuuliza misumari imehesabiwaje. Karani alianza kuniangalia kama mwizi wa misumari. Kila mlango ulipofunguliwa, niliacha kazi nitazame kama karani ana karatasi mkononi. Nyumbani nilimwambia Veronika tusiandae bado nguo za mtoto, na akalia, na nikashindwa kumweleza kwamba naogopa tiketi ya treni, si mtoto.

Baba Mutombo alifanya kazi yake bila neno. Hakuniuliza lolote. Jumatano alinisahihisha jinsi ninavyoshika randa, kama vile nilikuwa na wiki moja kazini. Ukimya ule niliuchukua kuwa hasira, na nikasema moyoni anayo haki. Nilikuwa nimemkatisha mbao zake kwa namba ya mkate. Nilikuwa nimepanga pia maneno ya kusema getini siku jina lake litakaposomwa: kwamba ni mimi niliyemshauri, kwamba wanipe mimi tiketi. Niliyafanyia mazoezi kwa Kifaransa nikitembea kwenda kazini. Kifaransa changu kilitosha mpaka kwenye neno la tiketi, na hapo kila siku niliacha, kwa sababu nilimwona Veronika kwenye treni na tumbo lake.

Alhamisi alasiri Baba Mutombo alikuwa ametumwa kwenye kiwanda cha kupasulia mbao. Karani alitoka ofisini na karatasi, akaita jina langu. Nilikwenda. Miguu ilikwenda, mimi sijui nilikuwa wapi. Alisoma kwa Kifaransa, polepole, kwa kupenda sauti yake. Bwana Mita alisema mbavu zote nne zimekaa juu ya nguzo bila kabari, betoni inamwagwa kesho, watu wale wale waanze mbavu za tao la pili.

"Bila kabari," nikarudia. Karani akaniuliza kwani nilitegemea nini.

Kazi ilipofungwa sikungoja Baba Mutombo arudi, nilikimbia kambini. Nilitaka awe wa kwanza kusikia, na awe nyumbani kwake anaposikia. Mlango ulikuwa wazi. Mama Ngalula alikuwa amekaa kwenye kisanduku, maana viti havikuwapo. Viti vilikuwa vimefungwa kwa kamba, miguu ikitazama juu. Godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa. Masufuria yalikuwa ndani ya gunia, yote isipokuwa moja. Picha ya Bikira Maria ilikuwa imetolewa ukutani na imefungwa katika kitenge. Kuku, niliowazoea uani, hawakuwapo.

"Mama," nikasema, "nani alikufa?"

"Hakuna. Tunangoja tiketi ya treni." Akaniangalia, akaona kwamba sijui. "Tuko tunangoja toka siku ya Mungu. Alinifungia kamba yeye mwenyewe asubuhi mbele ya kwenda kazi."

"Kumbe hakuamini."

"Kuamini nini? Kalkili? Hapana, hakuamini." Alisema bila ubaya. "Aliniambia: Donati ni mutoto muzuri lakini alijifunza saa ya kula. Kama zinapatana zote ine, na ziko mubaya, muzungu atauliza ni nani alikata. Akaniambia: nitasema ni mimi nilikata zote ine. Donati alikuwa anashika tu mbao. Bibi yake iko na mimba, asipande treni na mimba."

Nilikumbuka jinsi alivyokataa nishike msumeno.

Baba Mutombo aliingia na vumbi la mbao kichwani. Aliniona, akaona uso wangu, akamgeukia mkewe. Hakuuliza habari za Sakania.

"Umemuambia?"

"Nimemuambia."

Akakasirika. Katika miaka yote niliyofanya kazi naye sikuwahi kumwona amekasirika hivyo. Alimwambia mambo kwa Kiluba ambayo nashukuru sikuyaelewa, na Mama Ngalula aliyasikiliza mikono yake ikiwa mapajani. Alipoishiwa na pumzi, ndipo aliponigeukia.

"Na ile tao?"

"Imekaa, Baba. Bila kabari. Batamwaga betoni kesho."

Alitazama viti, gunia, mahali pa picha ukutani. Kisha alikaa juu ya godoro lililofungwa, akafunika uso kwa viganja, na mabega yake yale mapana yakaanza kutikisika. Watoto walitazama mlangoni. Mimi sikujua niondoke au nikae. Mama Ngalula alimwacha alie mpaka alipotosheka, kisha akamgusa begani na kumwambia anyanyuke, godoro halifunguki na mtu juu yake.